Kabla ya dripu, mwache daktari auone moyo

Ukitaka kujua kama ndugu wameridhika na hospitali, tazama juu ya kitanda cha mgonjwa wao. Chupa ya dripu ikining'inia, wanatulia. Wanafungua hotpoti, wanapiga simu kijijini: "Amepokelewa vizuri, ameshatundikiwa maji." Isiponing'inia, maneno yanaanza. Mjomba anamfuata muuguzi, baba anauliza kama tatizo ni hela, na kuna mmoja lazima akumbuke hospitali nyingine ambako "wanajali".

Nimepata ujumbe mrefu wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Mtwara mjini. Mwanawe wa miaka sita alikuwa na homa kwa siku tatu. Usiku wa tatu akawa mlegevu, mikono na miguu ya baridi, anapumua kama aliyekimbia. Wakamkimbiza hospitali. Daktari kijana akamwekea hewa ya oksijeni, kisha, badala ya kutundika dripu, akampaka mtoto mafuta ya baridi kifuani na kupitisha juu yake kidude kilichounganishwa na simu.

"Shangazi, niliona ananichezea," ameandika mama huyo. "Mtoto yuko hoi, yeye anatazama simu."

Alichokiona daktari kwenye ile "simu" ni moyo uliopanuka, unaosukuma damu kwa unyonge. Mtoto alipewa dawa za kuusaidia moyo, maji kidogo sana kwa kipimo, na rufaa. Sasa yuko nyumbani, anaendelea na kliniki ya moyo. Lakini swali la mama bado lipo, na ndilo limenifanya niandike leo: kwa nini alinyimwa dripu?

Hakunyimwa. Alinusurika nayo. Nitaeleza.

Shoku si kushtuka

Neno lenyewe linatupotosha. Ukisikia wahudumu wakisema mgonjwa yuko kwenye shoku, usidhani ameshtuka au amepata habari mbaya. Maana yake ni kwamba damu haifiki inakotakiwa. Ubongo, figo, ini, vyote vinakosa oksijeni huku mtu bado anapumua na macho yamefunguka. Ikiachwa, saa chache baadaye moyo unasimama.

Kwa mtoto, dalili unaweza kuziona mwenyewe kabla ya kufika kituoni. Mikono na miguu ya baridi ilhali kifua kinachoma. Usingizi usio wa kawaida, ukimwita anafungua macho na kuyafumba tena. Kupumua kwa haraka. Nepi kavu tangu asubuhi. Bonyeza ukucha wake kwa sekunde tano, uachie, kisha hesabu polepole moja, mbili, tatu. Kama ukifika tatu wekundu haujarudi, usisubiri kupambazuke. Na usijifariji kwamba walipompima presha ilikuwa sawa. Mwili wa mtoto hujikaza sana kuishikilia presha, ikija kushuka ni hatua za mwisho.

Najua pwani yetu ina majina mengine ya hali hii. Mtoto akibadilika namna hiyo kuna bibi atasema ni degedege, kuna atakayesema amekumbwa na upepo mbaya wa magharibi. Sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni na muda. Dua isomwe juu ya bodaboda, mkielekea kituo cha afya.

Sasa twende kwenye dripu. Watu wa Newala na Tandahimba watanielewa haraka hapa, kwa sababu wameishi na shida ya maji maisha yao yote. Maji ya mradi wa Makonde hutoka bondeni, Mitema, yakasukumwa kwa pampu kupanda juu ya uwanda. Siku bomba la nyumbani likikauka, sababu zinaweza kuwa nyingi. Labda chanzo kimepungua. Labda pampu imechoka. Labda mabomba yamepasuka njiani na maji yanamwagika porini. Labda yapo, pampu inafanya kazi, ila kuna mahali pameziba. Kwa mwenye nyumba zote zinafanana: anafungua koki, haitoki kitu. Fundi anayejua dawa moja tu, kuongeza maji, atamfaa mmoja na kuwaangamiza wengine. Ukiiongezea mzigo pampu iliyokwisha kuchoka, unaiua kabisa.

Mwili uko hivyohivyo. Mwanamke aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto aliyeharisha siku mbili, kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na wengu likapasuka: hao tangi limekauka. Wanahitaji maji, au damu, na haraka. Mtoto mwenye moyo dhaifu, au mama ambaye moyo wake umechoka miezi michache baada ya kujifungua (ugonjwa upo, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni uchovu wa uzazi tu): hao pampu ndiyo mbovu. Mwenye sumu ya vijidudu kwenye damu, mishipa yake imelegea na kutanuka, damu ile ile haitoshi tena. Na wa mwisho ni wale ambao kitu kimeubana moyo au kuziba njia. Kifua kikuu kinaweza kujaza maji ndani ya utando unaouzunguka moyo hadi ushindwe kujifungua na kupokea damu. Ajali ya bodaboda inaweza kuvunja mbavu, hewa ikajaa upande mmoja wa kifua na kuusukuma moyo pembeni. Donge la damu linaweza kutoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu.

Wote hao wakifika mapokezi wana mikono ya baridi, mapigo ya haraka, presha imeshuka. Kwa macho na kwa kipimo cha presha peke yake, hata daktari mzuri anaweza kukosea nani ni nani. Altrasaundi ya kitandani inamsaidia hapo. Anaweka kifaa chini kidogo ya kidari, anaona kama moyo unapiga kwa nguvu au unatetemeka tu, kama umezungukwa na maji. Anashusha kidogo, anaona mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni: umejaa, au umesinyaa kama mpira wa baiskeli uliotoka upepo. Anakwenda pembeni, kati ya ini na figo, ambako damu iliyovuja tumboni hujikusanya na kuonekana kama mstari mweusi. Anamalizia mapafu, pande zote mbili. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya dakika chache, na mgonjwa hajasogezwa kitandani.

Watoto 3,141

Kama unadhani nazidisha kuhusu hatari ya maji, kuna utafiti ambao kila mzazi wa Afrika Mashariki angepaswa kuufahamu, maana ni watoto wetu. Ulifanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwetu ilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Kenya ilikuwa Kilifi. Uganda zilikuwa Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Walichukuliwa watoto wenye homa kali ambao mzunguko wao wa damu ulikuwa umeyumba, wengi wao wakiwa na malaria. Baadhi walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya wakati ule vilivyoelekeza. Wengine walipewa maji ya kawaida ya taratibu tu pamoja na dawa.

Kila mtu alitarajia kundi la kwanza litashinda. Januari 2011 kamati ya usalama iliamuru utafiti usimamishwe kabla ya wakati, wakiwa wameshaingia watoto 3,141. Katika kundi la taratibu, walifariki watoto 7 hivi katika kila 100 ndani ya saa 48. Katika makundi yaliyopewa maji kwa kasi, walifariki 10 na zaidi katika kila 100. Yaani watoto 3 wa ziada katika kila 100, na kilichowatofautisha ni dripu ile ile ambayo sisi tukiiona tunafungua hotpoti.

Miaka michache baadaye Lusaka, Zambia, wakajaribu kwa watu wazima 212 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha walifariki karibu 48 katika kila 100. Waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida walifariki 33.

Subiri kidogo kabla hujaenda kumkataza daktari. Utafiti wa watoto haukuwahusisha wenye kuharisha sana, waliojeruhiwa wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na nyumbani unaanza na ORS hata kabla ya kutafuta usafiri. Mama anayevuja damu anahitaji damu. Ninachosema ni kwamba dripu ni dawa kama dawa nyingine, ina anayefaa kupewa na asiyefaa. Na altrasaundi nayo si mganga wa kujua yote. Wachunguzi waliorudi kutazama vifo vya wale watoto waliona wengi walikufa kwa mzunguko wa damu kuporomoka, wala si mapafu kujaa maji kama ilivyodhaniwa mwanzo. Picha haimwambii daktari kila kitu. Inampunguzia kubahatisha, na anaweza kurudi kupima tena baada ya nusu saa aone kama alichompa mgonjwa kimesaidia au kimeharibu. Kwangu kurudi kupima ni nusu ya faida ya kifaa hiki, na watu huwa hawakitaji.

Mkono ndio unaofundishwa

Zamani altrasaundi ilikuwa na chumba chake, na mtu wake, na saa zake za kazi. Mgonjwa wa shoku anakokotwa kwenye kiti cha magurudumu hadi huko, mlango umefungwa, aliyeshika ufunguo amekwenda kula. Leo kuna vifaa vinavyoingia mfukoni na kuonyesha picha kwenye simu au kishikwambi. Ndiyo maana yule mama aliona daktari "anatazama simu".

Lakini kifaa kununuliwa si tatizo kubwa kama kinavyodhaniwa. Nimewahi kuonyeshwa kabati katika kituo kimoja, sitakitaja, ndani yake mashine ya msaada bado ina nailoni yake, kwa sababu aliyefundishwa kuitumia alihamishwa na hakuna aliyeachiwa ujuzi. Kifaa hiki bila mkono uliozoea ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Asiyejua ataona maji ya kawaida ya mwili akadhani ni damu, au atapitwa na damu iliyo mbele yake.

Hapa nchini safari ya kuwafundisha madaktari wa dharura si ndefu. Idara ya magonjwa ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa tiba ya dharura. Wa kwanza walihitimu 2013. Kabla ya hao hatukuwa na daktari bingwa wa fani hiyo aliyesomea nchini. Altrasaundi ya kitandani imekuwa sehemu ya kazi yao ya kila siku, na mwaka 2018 walichapisha utafiti wa idara hiyo ulioonyesha kwamba si mara chache picha hubadilisha kile daktari alichokuwa akidhani au mahali alipopanga kumpeleka mgonjwa.

Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi, na mfano wao ndio ninaoupenda kwa ajili ya Mtwara. Rwanda, hospitali za wilaya za Rwinkwavu na Kirehe, madaktari wa kawaida walifundishwa altrasaundi. Katika vipimo 345 vya kwanza vilivyofuatiliwa, vipimo 43 katika kila 100 vilibadilisha matibabu. Uganda, Hospitali ya Nyakibale huko Rukungiri, hawakungoja madaktari. Waliwachukua wauguzi, wakawafundisha tiba ya dharura pamoja na altrasaundi, na picha walizopiga zikatumwa kwa intaneti kwa madaktari wa mbali ambao walizipitia na kuwarudishia maoni: hii umeona sawa, hii rudia, hii ulishika vibaya. Muuguzi wa kijijini akawa na mwalimu anayetazama mkono wake kila wiki.

Mafunzo yenyewe si semina ya siku mbili yenye posho na picha ya pamoja. Siku mbili zinatosha kujua vitufe. Baada ya hapo ni kupima mgonjwa baada ya mgonjwa huku mjuzi amesimama nyuma. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kinataka vipimo 25 hadi 50 vilivyosimamiwa kwa kila aina ya uchunguzi kabla mtu hajaaminiwa peke yake. Moyo kivyake, tumbo kivyake, mapafu kivyake. Mwanafunzi anajifunza pia kusema "sijaona vizuri", maneno magumu kwa daktari kijana mbele ya ndugu kumi wenye hasira.

Kwa mkoa wetu naona jambo hili lina uzito wa pekee. Ukiugua sana Msimbati una barabara ya mchanga mbele yako. Ukiwa Msangamkuu unasubiri kivuko. Kilambo na vijiji vya kando ya Ruvuma, karibu na maingilio ya mto, msimu wa mvua wanajua wenyewe wanavyotoka. Tuna Ligula mjini, tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, tuna Ndanda upande wa Masasi, na hilo ni jambo la kushukuru. Muhimbili iko zaidi ya kilomita 500. Lakini mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa wa shoku ni tabibu au muuguzi wa zahanati na kituo cha afya. Yeye ndiye anayeamua nani aondoke usiku huu na nani asubiri asubuhi. Chuo cha maafisa tabibu tunacho hapahapa Mtwara. Wakitoka pale wanajua kushika kifaa hiki, tutakuwa tumesogeza Muhimbili karibu zaidi ya barabara yoyote. Hayo ni maoni yangu, na mbunge wako unaweza kumuuliza ya kwake.

Anapowatoa nje wazazi

Kuna jambo moja la familia hapa ambalo picha haiwezi kulitatua. Binti wa miaka 17 au 19 ameanguka ghafla jikoni, tumbo linauma chini upande mmoja, amepauka, jasho jembamba. Mnafika hospitali. Tabibu anasema kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Naomba utupishe kidogo niongee na dada."

"Marahaba, mwanangu. Nikupishe kwa lipi? Huyu hana siri na mimi."

Mama, mpishe. Anataka kumuuliza mara ya mwisho aliingia lini kwenye siku zake, na mbele yako atajibu uongo. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, damu inamwagikia tumboni bila tone kuonekana nje. Kipimo cha mkojo cha mimba, kisha altrasaundi inayoonyesha ule mstari mweusi kati ya ini na figo, vinatosha kumpeleka chumba cha upasuaji bila kupoteza saa nzima mkitibu tumbo la kuendesha au mchango. Damu yake ikiisha, hamtapata nafasi ya kumgombeza. Wengine wanaopata tatizo hili ni wake za watu walio na ndoa zao halali, kwa hiyo hata jambo la kuona aibu mara nyingi halipo.

Akina baba nao wanahusika. Mkeo akijifungua, na wiki kadhaa baadaye hawezi kulala chali, anakohoa usiku, miguu imevimba, mwambie daktari kwamba ni mzazi. Mwenye kifua kikuu nyumbani, sema. Kijana aliyeanguka juzi kutoka kwenye mkorosho akasema hajaumia, sema. Daktari akijua hayo anajua pa kuanza kutazama.

Moyo ukisimama

Hapa altrasaundi inashuka cheo. Moyo uliosimama unahitaji mikono kwanza: kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika. Kila sekunde mikono inapoachia, ubongo haupati damu. Kuangalia mapigo kunaruhusiwa kuchukua sekunde 10, basi.

Na hapo ndipo kifaa kizuri kimewahi kugeuka mtego. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walipima mapumziko hayo katika chumba chao cha dharura. Bila altrasaundi yalikuwa wastani wa sekunde 13. Altrasaundi ilipotumika yakafika 21, kwa kuwa mtu anatafuta picha, anaipoteza, anaitafuta tena, wenzake wote wameganda wanatazama skrini. Ndiyo maana mafunzo ya kisasa yanatumia mwanasesere na saa. Mpimaji anaweka kifaa mahali pake wakati mwenzake bado anakandamiza. Wanaposimama, mmoja anahesabu kwa sauti. Mpimaji anarekodi video fupi, na hesabu ikifika kumi anatoa mkono, awe ameona au hajaona. Kukandamiza kunaendelea, video anaitazama baadaye. Wanarudia zoezi hilo hadi mkono utii hesabu.

Wanatafuta nini? Kwanza sababu inayoweza kuondolewa papo hapo: maji yaliyoubana moyo, ambayo sindano inaweza kuyatoa, hewa iliyoubana kifua, tangi tupu kabisa. Pili, kama moyo una mjongeo wowote. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wagonjwa 793 ambao mioyo yao ilisimama kwa namna isiyotibika kwa kushtuliwa na umeme. Wale ambao altrasaundi haikuonyesha mjongeo wowote, waliotoka hospitali wakiwa hai hawakufika hata 1 katika 100. Wale wenye mjongeo walikuwa karibu 4 katika 100. Ni wachache, sikufichi. Lakini kwa daktari anayejiuliza aendelee au aache, tofauti hiyo ni kubwa.

Nafahamu maneno yanayosemwa nyuma ya hospitali mtu akifariki: waliacha mapema, walimtelekeza, walikuwa wanachati. Ningependa daktari aliyemaliza kazi hiyo nzito awaite wazee wawili wa familia na kuwaambia alichokiona: huu ndio moyo wake, tumeutazama mara tatu, haukusogea. Hospitali zinazofanya hivyo hazipotezi kitu.

Kwa watoto hesabu ni nyingine. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa sababu pumzi imekata kwanza, na kwetu pwani maana yake mara nyingi ni maji. Mtoto akiopolewa Msangamkuu au Mikindani haupumui mwili wake, usimning'inize kichwa chini na usimbingirishe juu ya pipa ili "atapike bahari". Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni hadi uone kifua kinapanda, kisha kandamiza kifua kushuka kama theluthi moja ya unene wake. Ukiwa peke yako, mara 30 kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo. Mwingine akatafute usafiri. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115, simu ni bure na gari hutafutwa na mfumo wenyewe.

Mliyoniuliza kwenye simu

Je, altrasaundi ina mionzi? Hapana. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii, mwangwi wake ndio unaochora picha. Inaweza kurudiwa mara tano usiku mmoja kwa mtoto mchanga au mjamzito.

Yale mafuta ni nini? Ni jeli ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana sauti hiyo haipiti kwenye hewa. Inapanguswa kwa kitambaa.

Kwa nini sikupewa picha na karatasi ya majibu kama ya kliniki ya mimba? Kwa sababu daktari wa dharura alikuwa na maswali machache tu ya ndiyo na hapana: moyo unasukuma, kuna maji, kuna damu, kuna hewa. Hakupima valvu wala hakuchora ripoti. Mgonjwa akishatulia, siku ya pili au ya tatu, mwombe daktari wa wodi akuandikie kipimo kamili cha moyo, na umtajie kwamba usiku ule waliona kitu.